Shangazi, Budondo Niliiandika Mimi

Shangazi Tabitha wangu,

Barua hii siipeleki kaburini. Naiweka kwenye ukurasa wako mtandaoni, kwenye ule mti wa ukoo nilioutengeneza kwa mikono yangu, ili kila mtu wa kwetu aliyesoma uongo wangu asome na hii. Wewe ukurasa wenyewe hukuwahi kuusoma. Nilikuonyesha picha tu kwenye simu, ukanilaumu kwamba nimechagua ile yenye kilemba kibaya. Nikacheka, nikairudisha simu kwenye mkoba haraka kabla hujaniomba nikusomee maneno yaliyokuwa chini yake.

Chini yake paliandikwa: Alizaliwa Budondo, Jinja.

Wewe hukuzaliwa Budondo. Budondo ulifika kama mgeni, ukakaa kwenye mkeka karibu na mlango, ukaaga kabla jua halijashuka. Ulizaliwa Mbale, Laini ya Kinu, chumba cha mwisho upande wa mto, na uliniambia hivyo tangu nikiwa mdogo hivi kwamba hata ungeniamsha usingizini ningekujibu. Nilijua. Hilo ndilo linalonila, Shangazi, kwamba nilijua kabisa.

Unakumbuka likizo zangu za shule? Baba alinipandisha basi Jinja, na wewe ulinipokea kwenye paki ya mabasi ya Mbale na tepu yako ya kupimia bado iko shingoni, kwa sababu ulitoroka cherehani yako pale kwenye varanda na kuna bibi harusi alikuwa anasubiri gomesi, gauni lake la sherehe. Hukuwa mtu wa kukumbatia watu. Ulinigeuza, ukanitazama mgongo, ukasema gauni hili limeshonwa na adui yako, kisha ukanipeleka kula. Baada ya kula tulitembea. Watoto wengine walipelekwa na shangazi zao kununuliwa peremende. Mimi nilipelekwa kuona mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kweli hapakuwa na kitu. Palikuwa na ghala la mahindi, ukuta wa matofali na vijana wanaoosha magari. Kinu cha pamba kilishafungwa, na zile nyumba ndefu za wafanyakazi, Laini yenyewe, zilishabomolewa kabla mimi sijazaliwa. Lakini wewe ulisimama katikati ya maji ya sabuni ukaonyesha kwa kidole: hapa bomba, hapa Wajaluo, hapa yule Mnubi aliyelinda geti, hapa Wagisu, hapa sisi. Vijana wa kuosha magari walikuzoea. Walikuita mwenye nyumba, na wewe ukawajibu kwamba wana kodi ya miaka mingi.

Kiswahili chako kilitoka hapo. Babu alikuja kutoka Busoga kufanya kazi kinuni, jirani mmoja alitoka Kenya, mwingine alishuka kutoka mlimani, na wote walilazimika kuelewana kwenye foleni ya bomba. Kule Budondo, kijijini kwa Babu, hawakukipenda. Ulipojisahau ukasema neno la Kiswahili, wazee walikunja uso, wakasema unaongea kama askari aliyekuja kuvunja mlango. Ukageukia Kisoga, Kisoga chako kile cha polepole, nao wakacheka. Mimi nilikuwa nakaa pale nasikia na sikusema kitu. Naona nilianza mapema.

Na kila likizo, kabla sijarudi Jinja, tulikwenda Nabuyonga, hukohuko Mbale, kulimia kaburi la mama yako.

Nalieleza hili kwa ajili ya wengine wanaosoma, maana wengi wa ukoo hawajui hata kwamba alikuwapo. Mama yako alikuwa mke wa kwanza wa Babu. Alifariki Mbale ukiwa bado hujang'oa meno ya utoto. Ilikuwa mvua kubwa, barabara imekatika, na Babu hakuwa na njia ya kumfikisha Busoga. Jirani yao wa Laini, mama mmoja wa Kigisu ambaye ndiye alikupokea siku ulipozaliwa, alikuwa na kiwanja cha watu wake Nabuyonga. Akasema mleteni kwangu. Akazikwa hapo, chini ya mteremko. Baadaye Babu aliacha kazi, akarudi Budondo, akaoa bibi yangu, wakamzaa Baba na wadogo zake. Wewe ulibaki Mbale kwa yule jirani, ukakua pamoja na binti yake Khainza, mkila sahani moja na kupigwa fimbo moja. Huyo Khainza mimi namwita Mama Khainza mpaka leo.

Ulikuwa unavua viatu kabla ya kulima pale. Unang'oa majani, unazungumza. Ulimwambia mama yako nani ameoa, nani amenunua pikipiki, bei ya kitambaa imepanda. Ukanitambulisha kila mara kana kwamba marehemu ni msahaulifu: huyu ni Kagoya, mtoto wa ndugu yangu Isabirye. Halafu ukaweka kiganja kwenye udongo wa pembeni, upande wa kulia, ukaupiga kidogo kama mtu anayejaribu godoro dukani. Ukaniambia, "Mimi hapa. Usisahau, Kagoya. Mimi hapa."

Nikakuuliza kama tutapita kununua chapati.

Sasa nifike kwenye mti. Mwaka juzi ukoo uliamua tuwe na mti wetu mtandaoni, ili watoto walioko Nairobi na Ulaya wajue watu wao. Wakanichagua mimi, na unajua kwa nini. Mimi ni yule mtu ambaye kwenye duka langu la dawa hapa Mafubira hata chupa zinaangalia upande mmoja. Napenda kitu kikae sawa. Nikachukua simu, nikaanza kupigia watu, na kila mtu nilimuuliza alizaliwa wapi.

Wote walijibu Budondo. Binamu yangu aliyezaliwa hospitali ya Jinja, Budondo. Yule aliyezaliwa Nairobi mama yake akiuza nguo Gikomba, na ana cheti kinachosema hivyo, naye Budondo. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kwetu ukimuuliza mtu alizaliwa wapi, hakutajii kitanda cha mama yake, anakutajia makaburi ya babu zake. Mimi mwenyewe nilizaliwa Walukuba, mjini Jinja, nikajiandikia Budondo bila hata kufikiri. Ukurasa ukapendeza sana, safu nzima jina moja.

Nikakupigia na wewe. Ulikuwa unashona, nasikia mashine. Ukaisimamisha. Ukasema, "Andika Laini ya Kinu, Mbale. Na wilaya usiweke ya leo, weka ile iliyokuwa siku ile. Watu wa pale walitawanyika, Kagoya. Hawana mahali pengine watajiona."

Niliandika. Nasema kweli, mara ya kwanza niliandika hivyo hivyo. Lakini ule mtandao una orodha yake ya mahali, na Laini ya Kinu haimo. Mtandao ukaniwekea alama ya njano, kwamba mahali hapa hapajulikani. Ukanipendekezea mahali pengine nchi ambayo siijui. Ukanipendekezea Jiji la Mbale, na mimi nikasema siku ile Mbale haikuwa jiji. Unaona, nilikuwa mwangalifu kwa dakika mbili. Halafu nikaangalia juu nikaona majina ya ndugu zako wote, yote kijani, na lako peke yake la njano, linakaa pale kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe. Nikabonyeza Budondo. Doa likatoka.

Nimejitetea sana juu ya hilo. Nilijiambia nakusaidia. Nilikuwa nimesikia shangazi zangu wengine wakinong'ona kwamba wewe ni wa Mbale zaidi kuliko wa kwetu, nikajiambia sasa nimekuingiza ndani, sasa hawana la kusema. Maneno mazuri. Lakini nikiwa mkweli, siku ile sikufikiria shangazi yeyote. Nilitaka ukurasa uwe kijani.

Ukaniuliza baadaye, siku nyingine kabisa. Nilikuwa namhesabia mteja vidonge, simu iko begani. Ukauliza kama nimeandika. Nikasema nimeandika. Ukataja jina lenyewe, Laini ya Kinu, kama mtu anayehakikisha kipimo kabla hajakata kitambaa. Nikasema ndiyo, Shangazi. Ukanibariki. Ukasema Mungu anipe watoto watakaoniandika vizuri na mimi. Nikasema amina, nikamwambia mteja anywe baada ya kula.

Ulipofariki uliondoka kama ulivyoishi, bila kusumbua mtu. Mama Khainza alikukuta umeegemea mashine, gauni la mtu liko mapajani. Alinipigia mimi kwanza. Hakulia kwenye simu. Aliniambia mahali pako pako tayari, vijana wanaanza kuchimba, sisi tuje tu na maombi.

Tulikaa nyumbani kwa Baba, hapa Mafubira. Baba siku hizi husikia kwa shida, alikuwa kwenye kiti chake anaangalia mikono yake. Mzee Waiswa, katibu wa ukoo, ndiye aliyeongoza kikao. Alisema binti wa ukoo halali kwenye kiwanja cha jirani kama mtu asiye na kwao. Mtu mmoja, mdogo wake Baba, alisema lakini nasikia huyu alizaliwa hukohuko, na mama yake yuko hukohuko, na mwenyewe alitaka. Watu wakaanza kuguna, wengine wakakubali. Kwa muda kidogo, Shangazi, ulikuwa unakwenda Nabuyonga. Niliona kabisa.

Waiswa akatoa simu yake. Akafungua ukurasa wako, akausoma kwa sauti, akawapitishia watu waone. Kisha akanigeukia kwa upole, maana yule mzee ananipenda, na wiki chache kabla ya hapo alikuwa amenisifu mbele ya ukoo mzima. Akaniuliza, "Si wewe uliyeandika haya, mwanangu?"

Nikasema, "Ni mimi."

Neno moja tu lilikuwa linabaki, kwamba nilikosea, na watu wote walikuwa wamenitazama wakisubiri neno lolote nitakalosema. Nilifikiria wataniuliza, kama hili umeliandika uongo, na mengine je? Nilifikiria mti wangu wote. Nikaangalia chini. Mdogo wake Baba akasema basi, kama imeandikwa. Kikao kikaisha, wakaanza kupanga habari ya sufuria na gari la kukuchukua.

Tulikuzika Budondo, kwenye shamba la kahawa la Babu, katika mstari wa makaburi ya saruji ya watu ambao hukuwahi kula nao. Mhubiri alisema umerudi nyumbani. Watu wa Mbale walikuja kwa gari la kukodi, wazee watupu, wamevaa vizuri, nguo nyingi ulizowashonea mwenyewe. Walikaa pamoja nyuma. Waiswa akasoma wasifu wako, alizaliwa hapa Budondo, nami nikaona vichwa vyao vikigeukiana. Hawakupiga kelele. Kwenye matanga ya watu wengine mtu hapigi kelele.

Mama Khainza alinikuta nikigawa maji. Alikataa kikombe. Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chenu kile cha foleni ya bomba, "Mama yangu ndio alimpokea. Sasa hiyo siku mama yangu alikuwa wapi? Budondo?"

Kisha akaenda kukaa na watu wake. Waliondoka kabla ya chakula.

Nilikaa na swali lile wiki nyingi. Nilikuwa nimeona kosa langu kama jambo langu na wewe tu. Kumbe kwa kubonyeza mara moja nilimwondoa na yule mama aliyekata kitovu chako, nikamwondoa Mnubi wa getini, nikawaondoa wote waliokulea. Na wale walikuwa wanakutegemea wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na mpwa anayejua kompyuta.

Wiki iliyopita nilifunga duka nikaenda Nabuyonga. Mama Khainza hakunifukuza wala hakunikaribisha. Alinipa jembe. Nikavua viatu, nikashuka mteremko, nikakuta makaburi mawili.

Nilisimama pale kama mjinga. Ndipo akanieleza kwamba vijana walikuwa wamemaliza kuchimba habari ilipofika kwamba huji. Na kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, litaita mwingine. Kwa hiyo walikata mgomba, wakaufunga kwenye kitenge alichokuwa amekununulia, wakaulaza upande wa kulia wa mama yako, wakaomba, wakafukia. Anasema watu walilia kama kawaida. Sasa yeye huwa anapalilia yote mawili, maana majani hayajui nani yuko chini.

Nililia, Shangazi. Nililia nikiwa nimeshika jembe, na nikamwambia yote, alama ya njano, Waiswa, neno nililolimeza. Nikamwambia nitakwenda kwa wazee, nitaomba ufukuliwe uletwe. Akanikatiza. Alisema mtu hafukuliwi kwa sababu Kagoya ameona aibu. Alisema nimalize upande ule mwingine kabla ya mvua.

Nimerudi nimekaa dukani, nimefungua ukurasa wako. Mahali pa kuzaliwa nimefuta Budondo. Nimeandika Laini ya Kinu, Mbale, na wilaya kama ilivyoitwa wakati ule, baada ya kuwasumbua wazee watatu mpaka wakakubaliana. Chini yake nimeeleza kwamba nyumba zile zilibomolewa, kwamba leo pana ghala la mahindi na vijana wa kuosha magari, na nimemtaja kwa jina mama aliyekupokea. Alama ya njano imerudi na nimeiacha hapo. Nimejirekebisha na mimi, Walukuba. Binamu wa Nairobi, ambaye naye nimemwandika alikozaliwa, amenuna, anasema nimemfanya asiye na kwao. Nimemwambia kwao kumeandikwa penye nafasi yake, ila mama yake alimzaa Nairobi na aliumia Nairobi.

Mzee Waiswa amepiga simu. Hakuwa mpole. Amesema nikiacha ukurasa hivi, watu watauliza kwa nini tulimzika kwetu mtu ambaye mama yake yuko Mbale. Nimemwambia ndicho ninachotaka waulize, na wakiuliza, awatume kwangu. Alikata simu.

Ikabaki nafasi moja tu, mahali pa kuzikwa. Nikaandika Nabuyonga. Sikudhamiria, vidole viliandika vyenyewe, na nilipoiona pale imekaa karibu na jina la mama yako moyo ulitulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ningeweza kuiacha. Nani angenilaumu? Mama Khainza angefurahi. Nilikaa naitazama mpaka mteja akaniita mara ya pili.

Lakini Nabuyonga kuna mgomba. Wewe uko Budondo. Nimefuta, nimeandika Budondo, na katika mti wote hapo ndipo mahali pekee ambapo jina lile, kwako, ni kweli. Nimelifanya kuwa kweli mimi.

Basi kaa salama na hao watu usiowajua, Shangazi. Nitakuja kukutambulisha kwao mmoja mmoja.

Ni mimi, binti wa ndugu yako,
Kagoya